Idhini ya Ulaya imetoka na bei ya hisa imepanda: niongeze au nisubiri?

Swali: Kaka, salaam. Mimi ni muuguzi hapa Minneapolis, kwetu Tanga. Nina hisa 1,200 za kampuni ndogo ya dawa iliyo kwenye soko la Nasdaq. Mwaka jana FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikataa dawa yao, ikawataka wafanye jaribio jingine, na hisa zikaanguka vibaya. Wiki iliyopita wametangaza kwamba Ulaya imeikubali dawa hiyo hiyo, na bei imepanda asilimia 40 kwa siku moja. Shemeji yangu anasema Ulaya ikishakubali, Marekani haina budi kufuata, kwa hiyo nichukue fedha tulizoweka za kumalizia nyumba nyumbani niongeze hisa kabla hazijapaa. Nimekutumia tangazo lao na ripoti yao ya robo mwaka. Je, shemeji yuko sahihi?

Jibu: Dada yangu, salaam nimezipokea, na asante kwa kunitumia karatasi zenyewe. Wengi huniandikia wakiwa na jina la kampuni tu na uvumi walioupata kwenye simu, na hapo huwa sina la kuwasaidia.

Nianze na jibu lenyewe. Kuhusu Marekani, shemeji hayuko sahihi. Fedha za nyumba zisiguswe. Lakini hisa ulizonazo si za kukata tamaa, kwa sababu idhini ya nje huweza kuifanyia kampuni ndogo kitu kimoja kikubwa, nacho ni kuinunulia muda. Swali la mwekezaji ni muda huo utatosha kufika wapi, na nani ataulipia. Kwenye karatasi ulizonitumia, majibu ya maswali hayo mawili yamo, ila hayamo kwenye kichwa cha habari.

Tusome tangazo pamoja. Kichwa kinasema Ulaya imeikubali dawa. Aya ya kwanza inasema kitu tofauti kidogo: kamati ya Shirika la Dawa la Ulaya imetoa maoni chanya. Kamati hiyo inaitwa CHMP, na shirika lenyewe, EMA, liko Amsterdam tangu 2019 lilipohama London kwa sababu ya Brexit. Kamati inapendekeza, anayetoa idhini ni Tume ya Ulaya, ambayo kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya siku 67. Mara nyingi sana Tume hufuata maoni ya kamati, na soko linalijua hilo. Ndiyo maana bei imeruka sasa. Siku karatasi ya mwisho itakapotoka, msishangae bei isipotikisika hata kidogo, au ikashuka, maana waliotaka kununua kwa ajili ya habari hiyo wameshanunua.

Idhini hiyo ikitoka itahusu nchi 27 za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein. Uingereza haimo. Wao wana mamlaka yao, MHRA, na kampuni inalazimika kupata kibali cha huko peke yake.

Shuka sasa hadi aya ya nne, ile ambayo karibu hakuna anayeifikia. Inasema haki ya kuuza dawa Ulaya ni ya kampuni mbia, na kwamba kampuni yako italipwa dola milioni 10 idhini itakapotoka, kisha mrabaha wa mauzo. Kwa hiyo kila boksi litakalouzwa Berlin au Madrid ni la mbia kwanza, na kwenu linarudi fungu tu. Hilo si baya kwa kampuni ndogo. Kujenga kikosi cha wauzaji katika nchi kumi za Ulaya hugharimu fedha nyingi kabla hata senti moja haijaingia, na mbia ndiye anayebeba mzigo huo. Ila ukisikia shemeji anakokotoa idadi ya wagonjwa wa Ulaya mara bei ya dawa, mwambie hesabu hiyo ni ya kampuni nyingine.

Sasa tuje kwenye hoja yake kubwa, kwamba Marekani itafuata. FDA haifungwi na uamuzi wa Ulaya, wala wa Japani, wala wa nchi yoyote. Inasoma takwimu upya kwa macho yake. Februari 2022 kampuni ya Kichina Innovent na mbia wake Eli Lilly walipeleka mbele ya jopo la washauri wa FDA dawa ya saratani ya mapafu iitwayo sintilimab. Dawa hiyo ilikuwa imeshaidhinishwa China tangu 2018, lakini jaribio walilolitegemea lilifanyika China tu. Jopo likapiga kura 14 kwa 1 kwamba lifanyike jaribio jingine, na FDA ikaikataa.

Kisa kinachofanana na chako kuliko vyote nivijuavyo ni cha InterMune, kampuni ndogo ya California. Dawa yao iliitwa pirfenidone, ya ugonjwa wa mapafu yanayoota makovu taratibu hadi mgonjwa anashindwa kuvuta pumzi. Walifanya majaribio mawili makubwa. Moja lilifanikiwa, jingine halikufikia lengo. Machi 2010 jopo la washauri lilipiga kura 9 kwa 3 kuiunga mkono, na watu wakaona mambo yamekwisha. Mei mwaka huo FDA ikakataa na kudai jaribio jipya. Kiasi cha robo tatu ya thamani ya hisa ikapotea. Desemba 2010 kamati ya Ulaya, ikisoma majaribio yale yale mawili, ikatoa maoni chanya. Hisa zikapanda zaidi ya maradufu kwa siku moja.

Hapo ndipo wewe ulipo leo. Angalia kilichofuata.

Ulaya ilitoa idhini kamili mapema 2011, na mauzo yakaanza Ujerumani Septemba mwaka huo. FDA haikubadili msimamo hata kwa nukta. InterMune ikalazimika kuanza jaribio jipya la wagonjwa 555. Wakati jaribio linaendelea, Ulaya ilikwenda polepole, nchi baada ya nchi, kila moja na mazungumzo yake ya bei. Uingereza, taasisi inayopima kama dawa inastahili fedha za umma, NICE, ilikubali Aprili 2013 tu, tena kwa sehemu ya wagonjwa. Hisa zilizopaa ziliporomoka tena, na mwaka 2012 zilikuwa chini. Kisha Februari 2014 matokeo ya jaribio jipya yakatoka mazuri, na hisa zikapanda tena zaidi ya maradufu kwa siku moja. Agosti mwaka huo Roche, kampuni kubwa ya dawa ya Uswisi, ikainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 8.3, dola 74 kwa hisa. FDA ilitoa idhini Oktoba, makubaliano ya ununuzi yakiwa yameshatangazwa.

Shemeji akikisikia kisa hiki atasema, “Unaona?” Nami namkubalia nusu. Waliovumilia walipata. Lakini kilichomshawishi FDA ni wale wagonjwa 555. Idhini ya Ulaya haikumgusa. Ilichofanya ni kuiweka kampuni hai, ikawa na kitu cha kuuza na sababu ya watu kuendelea kuipa fedha, hadi jaribio likaisha. Kutoka siku ya maoni ya Ulaya hadi siku ya matokeo ilipita zaidi ya miaka mitatu. Aliyenunua kwa fedha za ada au za bati, akazihitaji mwaka 2012, aliuza kwa hasara kampuni ambayo miaka miwili baadaye ilimpa utajiri mtu mwingine.

Na kuna jambo moja dogo ndani ya kisa hicho ambalo watu hulisahau. Pirfenidone ilikuwa imeidhinishwa Japani tangu 2008. Lakini Japani dawa ilikuwa ya kampuni ya Shionogi, si ya InterMune. Idhini ya kweli, ya nchi kubwa, isiyomletea mwanahisa wa InterMune chochote. Ndiyo maana nilikurudisha kwenye aya ya nne.

Niingie sasa kwenye sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza wawekezaji wengi zaidi: nani anailipia dawa. Wewe ni muuguzi, na sisi tuliokulia nyumbani tunalielewa jambo hili kuliko wachambuzi wengi wa New York. Kabla sijaingia kwenye hisa nilikuwa mfamasia Dar es Salaam. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ikisajili dawa, maana yake dawa inaruhusiwa kuingia nchini na kuuzwa. Haina maana kwamba Bohari ya Dawa itainunua, wala kwamba bima itamlipia mgonjwa. Niliona dawa zenye usajili halali, zimepangwa rafuni nyuma yangu, zikakaa hadi tarehe ikapita, kwa sababu mgonjwa anageuza boksi, anasoma bei, analirudisha taratibu kwenye kaunta na kuuliza kama ipo nyingine. Ulaya ni hivyo hivyo, ila kaunta ni ya serikali na anayegeuza boksi ni mfuko wa bima.

Ujerumani, kampuni inaweza kuanza kuuza kwa bei yake mara tu baada ya idhini. Lakini saa inaanza kuhesabu. Kamati ya pamoja iitwayo G-BA inapima kama dawa ina faida ya ziada juu ya tiba zilizopo, na matokeo yake ndiyo msingi wa mazungumzo ya bei na umoja wa mifuko ya bima. Zamani bei ya kampuni ilidumu mwaka mzima. Tangu sheria ya 2022 ni miezi sita tu.

Mwulize mwanahisa wa Amarin. Kampuni hii ilikuwa na dawa moja, Vascepa, iliyotengenezwa kwa mafuta ya samaki yaliyosafishwa sana. Jaribio lao la wagonjwa 8,179 lilionyesha mwaka 2018 kwamba dawa ikiongezwa juu ya dawa za kushusha lehemu, ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na matukio mengine ya aina hiyo kwa asilimia 25. Desemba 2019 FDA ikapanua idhini yake, na hisa zikazidi dola 20. Miezi michache baadaye, Machi 30, 2020, jaji wa mahakama ya Nevada akafuta hataza zao muhimu, yaani haki za kuzuia wengine wasiiige dawa. Hisa zikapoteza kiasi cha asilimia 70 mara moja, na kabla ya mwaka kwisha dawa za jenariki, yaani nakala za bei nafuu, zikaingia sokoni.

Ikawa tumaini lote limehamia Ulaya. Idhini ilitoka Machi 2021, kwa jina la Vazkepa, na huko walikuwa na ulinzi wa miaka kumi dhidi ya jenariki. Wanahisa walipiga hesabu: Marekani tumenyang'anywa, Ulaya tutairudisha. Sababu ya kuamini ilikuwepo. Jaribio lilikuwa kubwa, ugonjwa ni wa mamilioni, ushindani haupo. Kampuni ikaajiri, ikafungua Ujerumani Septemba 2021. Mwaka haukutimia. Mazungumzo ya bei yalishindikana, na 2022 wakaiondoa dawa Ujerumani, soko kubwa kuliko yote ya Ulaya. Uingereza NICE ilikubali Julai 2022, na nchi nyingine zikafuata moja moja, lakini fedha hazikuja kwa kasi ya kufidia zilizokuwa zinapotea Marekani. Mapato ya kampuni yalikuwa dola milioni 614 mwaka 2020. Mwaka 2024 yalikuwa kiasi cha milioni 229. Hisa zilishuka chini ya dola moja, na Aprili 2025 zikakusanywa ishirini ziwe moja ili zisifukuzwe Nasdaq. Juni 2025 Amarin ikaipa kampuni ya Recordati ya Italia haki ya kuuza Vazkepa katika nchi 59, kwa malipo ya awali ya dola milioni 25 na hadi milioni 150 zaidi mauzo yakifikia viwango fulani.

Idhini ilikuwa halali na dawa ilikuwa nzuri. Hakuna aliyemdanganya mwanahisa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba anayetoa idhini na anayelipa ni mtu mmoja.

Bluebird bio walipita njia hiyo hiyo na tiba yao ya jeni ya talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ulaya iliidhinisha 2019, bei wakaitangaza euro milioni 1.575, Ujerumani hawakuelewana, na 2021 wakatangaza kuondoka Ulaya kabisa.

Jambo la tatu nililolitafuta kwenye tangazo lako ni neno “masharti”. Halimo, na hiyo ni heri kwako. Idhini yenye masharti hutolewa takwimu zikiwa bado changa, kwa ahadi ya kuleta uthibitisho baadaye, na uthibitisho ukikosekana mambo hugeuka usiku mmoja. Kampuni ya Amylyx ilipata idhini ya namna hiyo Kanada Juni 2022 kwa dawa ya ugonjwa wa ALS, unaoua neva za misuli. FDA ikakubali Septemba. Ulaya ikakataa 2023. Machi 2024 jaribio kubwa la uthibitisho likashindwa, hisa zikapoteza zaidi ya asilimia 80 siku hiyo, na Aprili kampuni yenyewe ikaiondoa dawa Marekani na Kanada. Nawaheshimu kwa kuiondoa bila kuvutana na mtu. Ila mwanahisa hakubaki na kitu.

Sasa fungua ripoti ya robo mwaka. Hapa ndipo ningependa ukae kwa muda, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja ndogo asubuhi ya tangazo la idhini ya nje. Soko likafunga saa kumi jioni kwa saa za New York. Saa mbili hazijapita, kampuni ikatangaza inauza mamilioni ya hisa mpya, kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia. Kesho yake bei ilishuka hadi pale pale walipouzia. Nilikuwa nimesoma tangazo la idhini mara tatu, na ripoti ya fedha sikuifungua hata mara moja.

Kampuni yako ina fedha taslimu na amana za muda mfupi dola milioni 38. Robo iliyopita ilitumia milioni 14. Gawanya: ni kama miezi minane. Zile milioni 10 za mbia hazitoshi hata robo moja ya mwaka. Na ukurasa unaofuata wanasema wazi, kama wanavyotakiwa kisheria, kwamba kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea kwa mwaka mzima bila kupata fedha nyingine. Mbele kidogo wanaeleza kuwa wamekwisha sajili haki ya kuuza hisa mpya za hadi dola milioni 150. Jaribio ambalo FDA inalitaka, kwa maelezo yao wenyewe, litachukua zaidi ya miaka miwili.

Weka vipande hivyo pamoja. Wana miezi minane ya fedha, wana safari ya miaka miwili, na bei ya hisa imepanda asilimia 40. Mkurugenzi wa fedha mwenye akili timamu anauza hisa mpya wakati huu huu, na mimi simlaumu, maana asipouza jaribio halifanyiki. Lakini wewe lazima ujue inakugharimu nini. Chukua mfano wa kampuni yenye hisa milioni 50 zinazouzwa dola 6. Ikiuza milioni 15 mpya kwa dola 5, inapata dola milioni 75. Hisa zako 1,200 zinabaki 1,200, ila sasa ni sehemu ya milioni 65. Fungu lako la kampuni limepungua kwa asilimia 23. Kama fedha hizo zinaifikisha kampuni kwenye matokeo ya jaribio, umelipia kitu. Kama zinaifikisha nusu ya njia, watauza tena, na safari hiyo pengine kwa bei mbaya zaidi.

Kwa hiyo kuongeza leo maana yake ni kununua baada ya kupanda na kabla ya hisa mpya kuuzwa. Hapo mahali ni pabaya pa kununulia, hata kama kampuni ni nzuri. Anayeipenda kweli kampuni hii husubiri toleo jipya la hisa litangazwe, aone ni kiasi gani kimepatikana na wanunuzi ni akina nani. Wakiwa mifuko mikubwa inayojulikana kwa uwekezaji wa dawa, wanaokaa miaka, hiyo kwangu ni ishara nzuri kuliko maoni ya kamati ya Amsterdam. Huenda ukakosa senti kadhaa za kupanda. Utakuwa umenunua ukijua hesabu.

Kuhusu hizo 1,200 ulizonazo, hujaniambia ulinunua kwa bei gani wala lini, na majibu hayo yana uzito. Ningekuwa mimi, na bei ya sasa ikawa juu ya niliyonunulia, ningeuza za kutosha kurudisha mtaji wangu na kuziacha zilizobaki zingoje jaribio. Kama bei bado iko chini ya uliyonunulia, nisingeuza kwa hofu wala nisingeongeza ili kusawazisha wastani; hiyo tabia ya kuongeza kwenye hasara imemaliza akiba za watu wengi ninaowafahamu. Na kabla hujauza chochote angalia tarehe ya kununua, kwa sababu huko Marekani faida ya hisa ulizozishika mwaka mmoja au chini ya hapo hutozwa kodi kama mshahara wako, na ukizidisha mwaka kiwango hushuka.

Shemeji msalimie. Mwambie sijasema kampuni haifai, nimesema fedha anazozitaja zina kazi nyingine, na jaribio la miaka miwili haliwezi kungojwa na fedha ambazo fundi anazihitaji kabla ya masika. Ripoti yao ijayo ikitoka, nenda moja kwa moja kwenye mistari miwili: fedha taslimu zilizobaki, na jumla ya hisa zilizotolewa. Ziandike pembeni ya hizi za sasa, kisha nitumie namba zote nne.